Kompyuta Aliyoiacha Minza

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza wekeni simu zenu chini. Sitaki kusomwa na mtu ambaye jicho moja liko kwangu na jingine liko kwa watu wake. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mkiona nimeandika jambo, jueni nimeona lazima liandikwe. Habari za ukoo wangu na nilikozaliwa haziwahusu. Nitawaambia mwaka mmoja tu, mwaka ambao chumba changu cha uani hapa Igogo kilikuwa na vijana watatu na kompyuta tatu, na katikati yake nikamzika mmoja wao, mjukuu wangu Minza.

Nisingeandika kama Bwire asingekuja mwezi uliopita. Bwire alikuwa mmoja wa wale watatu, Mjita wa pale Majita, wakati ule mwembamba kama ufito. Sasa ana mke, ana kitambi, anafanya kazi Dar. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo Bibi," na mimi nikamjibu, "Marahaba, umenenepa." Akasema ni maisha. Nikamwambia siyo maisha, ni soda. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta, nikampenda hapo hapo. Tukakaa, nikawa nachambua mchele, tukazungumza habari za mvua na za Musoma, na nilipoona anazungukazunguka na maneno nikamwambia aseme alichokuja nacho. Akasema, "Bibi, zahanati za visiwani zimepewa kompyuta mpya. Zimekuja na programu yake. Ile kazi yetu haipo tena." Nikamuuliza, "Na sauti?" Akaangalia chini. "Wameweka ya mtu mwingine, Bibi." Nikaendelea kuchambua mchele, maana wageni walikuwa hawajala. Lakini walipoondoka nilikwenda kukaa kwenye kile chumba mpaka jua likazama, nikaona kwamba kama sitasema mimi, hakuna mahali popote duniani palipobaki na habari ya kazi ile.

Chumba chenyewe mngekiona msingekitamani. Huku kwetu Igogo nyumba zimepandishwa juu ya mawe, na chumba kile ukuta wake wa nyuma ni jiwe lenyewe, kubwa kama lori, limepakwa chokaa tu. Zamani nilikuwa natunza humo mkaa na magunia ya dagaa. Nilipowapa wale vijana nilikifagia, nikakipiga deki, lakini harufu ya dagaa haikutoka. Adela, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, alikuwa anatundika maganda ya machungwa kwenye misumari ili apate hewa, na Bwire akawa anamwambia, "Wewe unawatundikia dagaa mapambo." Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Juu yake zilikaa kompyuta tatu. Mbili walikuwa wanatengenezea kazi. Ya tatu ilikuwa ya Minza mwenyewe, nzee, bawaba moja imekatika, imefungwa kwa utepe. Hiyo waliiita mashine tupu, na habari yangu yote iko kwenye mashine hiyo.

Kazi yao ya kutengeneza programu ya kompyuta za zahanati niliijua kwa kusikia, wakati wa kula. Wakila walikuwa hawawezi kunyamaza. Mchana mmoja Minza alinieleza, tulikuwa na ugali wa muhogo na sato, naye alimega tonge akaliweka kando ya sahani kunionyesha. Akasema, "Bibi, ile programu ya zahanati haitembei yenyewe. Chini yake kuna kitu kinachoiendesha, kama injini. Hiyo injini ilikuwa moja, kubwa, ina kila kitu ndani: ya kuchapisha karatasi, ya kuonyesha picha, ya kutoa sauti, yote. Sasa mtandao wa kisiwani unapita kama maji ya bomba letu mwezi wa tisa. Wakianza kuivuta inakatika katikati, wanaanza upya, inakatika." Nikamuuliza kwa nini wasiikate vipande. Akasema, "Ndicho tunachofanya. Kila kipande tunakifunga kifurushi chake. Zahanati isiyo na printa haina haja ya kubeba kifurushi cha kuchapisha. Tukirekebisha sauti, tunatuma cha sauti tu." Bwire akadakia na mdomo umejaa: "Kukata ni rahisi, Bibi. Kazi ni kuhakikisha kila kipande kinasimama chenyewe, halafu kinakubali kukaa na wenzake. Kama wake wenza." Adela akampiga kofi la bega. Mimi nikamwambia wake wenza hawajui, akitaka kuwajua aulize kwao.

Sasa ile mashine tupu. Kila kifurushi kilipokuwa tayari, Minza aliifuta ile kompyuta yote, ikawa kama imetoka dukani haina kitu, ndipo akaweka kifurushi kipya na kukijaribu. Alikuwa anafuta asubuhi, anafuta mchana. Kufuta kulichukua muda mrefu, na wenzake wakawa wanakaa wanasubiri, wanatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku moja nikamwuliza kama hachoki, maana jana alifuta na leo anafuta tena. Akanijibu, "Kompyuta yenye vitu inadanganya, Bibi. Inasema kifurushi kinafanya kazi, kumbe kinakopa kwa kilichokuwepo. Halafu kikifika kisiwani hakina wa kumkopa." Bwire akasema, "Huyu angekuwa mama mkwe, mkwe angeosha sufuria mara tatu kabla ya kupika." Minza hata hakugeuka. "Na wewe ungekuwa mkwe, ungerudishwa kwenu na mtumbwi wa asubuhi."

Alikuwa na ulimi, mjukuu wangu, lakini pumzi hakuwa nayo. Daktari alituambia moyo wake uliharibika tangu utotoni. Kutoka barabarani mpaka kwangu unapanda ngazi za mawe, na yeye alikuwa anakaa njiani, anajifanya anaangalia ziwa. Watoto wa jirani walidhani anapenda sana kuangalia ziwa. Mimi nilikuwa nasimama juu, simwiti, simwendei, kwa sababu alikasirika akionewa huruma. Kisiwani kwenyewe, kwenye zahanati waliyokuwa wanaifanyia kazi, hakuwahi kufika. Aliyekuwa anakwenda na meli ni Bwire. Minza alikuwa anazungumza kwa simu na nesi wa kule, Tabitha, mama mwenye sauti kubwa ambaye nilimsikia mpaka jikoni. Ni Tabitha aliyeleta habari ya sauti. Alisema, "Mwanangu, kadi zinalowa kwenye mitumbwi, na wengine hata ikiwa kavu hawasomi. Mama anaondoka hapa hajui amrudishe lini mtoto kwa chanjo. Hiyo kompyuta yenu haiwezi kumwambia kwa mdomo, mimi nikiwa na foleni?"

Basi Minza akakubali, na sauti ikawa yake. Walirekodi chumbani kwangu, kwa sababu ndicho chumba chenye mablanketi ya kutosha kutundika ukutani. Nilikatazwa kukaanga. Nilikatazwa kufungua bomba. Treni ilipiga honi wakarudia, jogoo akawika wakarudia. Bwire akasema, "Bibi, huyu jogoo ana programu yake mwenyewe." Nikamwambia ataiona kwenye sahani, na kweli aliiona Jumapili. Minza alikaa kitandani kwangu, mgongo umenyooka, anasema polepole kwa sababu ya pumzi, na huo upole wenyewe ukaifanya sauti iwe nzuri: "Mama, mtoto arudishwe kliniki Jumatatu. Mama, mtoto arudishwe kliniki Jumanne." Alipomaliza siku zote za juma alilala hapo hapo. Nikamfunika. Akasema amefumba macho, "Bibi, siku kompyuta ikisema kule kisiwani nataka Tabitha anipigie simu, ashike simu karibu, nisikie mwenyewe." Nilimjibu atasikia. Nimeshawaambia watu wengi maneno ya kuwatuliza katika maisha yangu na sijutii, lakini lile nimelibeba.

Mvua za masika zilipoanza miguu yake ikavimba. Hakuacha kazi. Asubuhi moja alikuwa ameshakaa mezani, ameweka kitu kwenye ile mashine tupu, anakijaribu, akaniita. Hakupiga kelele, aliita tu kama mtu anayetaka maji. Nilipoingia midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Bwire alimbeba mgongoni akashuka naye mawe yote mpaka barabarani, mvua inanyesha, Adela mbele anawaondoa watu, mimi nyuma na khanga ya kumfunika. Hospitalini walijitahidi. Jioni wakatuita. Tulimzika Bujora, kwenye shamba la babu yake, na Tabitha alivuka ziwa akaja kumzika mtu ambaye alikuwa hajamwona uso.

Hapa lazima niwaeleze jambo, ninyi wa siku hizi mnaogawana nguo za marehemu kaburi halijakauka. Kwetu mtu akifa, vitu vyake havitolewi, havihamishwi, havibadilishwi, mpaka wakubwa wa ukoo wakae na kumaliza matanga. Ndipo inasemwa hiki kiende kwa huyu, hiki kwa yule. Baba yake mkubwa Minza, Shija, alisimama pale Bujora akasema wakubwa watakaa baada ya mavuno, maana watu wana mashamba. Niliporudi Igogo nikawaita Bwire na Adela. Niliwaambia chumba wataendelea kukitumia, kazi waifanye, lakini kitu cha Minza hakitolewi wala hakifutwi. Nilisema hivyo hivyo, hakifutwi. Nilikuwa na maana ya jina lake alilochora kwa chaki kwenye lile jiwe, na vikombe, na viatu. Wao walisikia kama nilivyosema. Wakaitikia, "Sawa, Bibi," na watoto wale walikuwa na adabu. Nawaambieni, sikukosea kusema na wao hawakukosea kutii. Hayo mambo hutokea watu wote wakiwa sawa.

Wakarudi mezani. Sahani ya nne, nilikuwa naitoa kabatini nairudisha. Adela aliacha kutundika machungwa. Walimalizia vile vifurushi vilivyobaki na wakavijaribu kwenye ile mashine, na kila kimoja kikakubali. Bwire alikuwa anatoka kunieleza jikoni, "Bibi, cha picha kimepita. Bibi, cha kuchapisha kimepita," kama mtu anayeripoti hali ya mgonjwa. Siku ya cha sauti hawakunieleza. Nilikuwa uani naparua samaki, kisu mkononi, nikasikia kutoka chumbani: "Mama, mtoto arudishwe kliniki Jumatatu." Ilikuwa ni yeye, na pumzi yake ile ya kukatika kabla ya siku. Magamba yamenirukia usoni, sikuyafuta. Adela akatoka mbio, akapiga magoti kwenye maji ya samaki. "Bibi tusamehe, tungekuambia kwanza." Nikamwambia, "Nyanyuka, utachafua nguo. Inasikika vizuri. Endeleeni." Wakaendelea, Jumanne, Jumatano. Nilimaliza samaki wote.

Bwire akapanda meli na vifurushi kwenye flashi. Mimi na Adela tulikaa na simu katikati yetu, kwenye mkeka, tukiwa tumeacha kazi zote. Simu ikalia, sauti ya Tabitha ikajaa nyumba: "Bibi, nashika simu karibu na kompyuta. Sikilizeni." Tukasikiliza. Tulisikia mtoto analia kwa mbali, tukasikia upepo, tukasikia Bwire anabonyeza. Tabitha akasema, "Subirini tena." Tukasubiri tena. Kifurushi cha chini, ile injini, kilifanya kazi, cha picha kilifanya kazi, majina ya wamama yalionekana, ila mdomo ulikuwa umefungwa. Bwire alijaribu kompyuta zote mbili za zahanati, akafunga, akafungua, akarudi na meli ya kesho yake, macho mekundu. Wenye mradi, wale waliowapa kazi hii, hawakuwa watu wabaya, lakini walikuwa na ratiba yao. Walisema mwezi ukiisha sauti haijatoka, kazi wanampa mwingine, na kilichowekwa kule kinaondolewa chote.

Siku zile hawakula. Niliweka matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maziwa mgando, nikayakuta vilevile. Nilikuwa nawasikia wanabishana kwa sauti ya chini. Adela alikuwa anasema, "Hapa kinasema, kule hakisemi, tofauti ni nini?" na Bwire anajibu, "Usiseme. Najua unachotaka kusema. Usiseme." Mwishowe wakaja jikoni wote wawili, wakasimama kama watu waliovunja chungu. Bwire akaanza: "Bibi, ile asubuhi Minza alikuwa hajaifuta mashine. Tulidhani aliifuta, maana alikuwa anaifuta siku zote. Kumbe aliweka kitu kwa mkono wake, kitu kidogo, anakijaribu, hakuwahi kukiingiza kwenye kifurushi. Sauti yetu inaegemea hicho. Ndiyo maana hapa inasema."

Nikawauliza, kama wameshajua, si wakitoe hicho kitu wakiweke kwenye kifurushi wakamalize? Adela ndiye aliyejibu, machozi yanamtoka lakini maneno yamenyooka. "Hicho tumekiona, Bibi. Vingine hatuvijui. Tangu siku ile tumekuwa tunaongeza juu ya alivyoacha, tunaongeza, tunaongeza. Kuongeza hukukataza. Vifurushi vyote tulivyosema vimepita, hatujui kipi kimesimama chenyewe na kipi kimemwegemea yeye. Mpaka ifutwe ndipo tutajua." Nikauliza juu ya zile kompyuta mbili nyingine. Wakasema hizo ndizo zenye kila kitu cha kazi, zikifutwa hakuna kazi, na mashine ya kukodi au kuazima haiwi tupu, mwenyewe hawezi kukubali ifutwe. Nikauliza kama wanaweza kutoa picha zake wakaziweka pembeni. Bwire akasema, "Picha tutaziokoa zote, Bibi. Sauti iko kwenye kifurushi, haiendi popote. Lakini vile alivyoiacha, alipokuwa amefika, hapo hatuwezi kuparudisha."

Nikampigia Shija simu mbele yao. Alikuwa shambani, nikasikia ng'ombe. Nikamweleza kadiri nilivyoelewa. Akasema, "Mama, mavuno si mbali. Subirini wakubwa wakae." Nikamwambia mwezi unaisha. Akasema, "Mashine ni ya marehemu. Ikifutwa kabla ya kikao, mimi nitawaambia nini watu wangu? Kwamba bibi yake ndiye aliyeanza kumwondoa?" Hakusema kwa ubaya. Alisema lile ambalo mimi mwenyewe ningemwambia mtu mwingine. Nikamshukuru, nikakata simu.

Nikaenda chumbani peke yangu. Nilikuwa sijawahi kuikaribia ile kompyuta tangu mazishi. Walikuwa hawajaizima hata siku moja, Adela alikuwa anaifunika kitambaa tu. Nikakitoa. Kulikuwa na maandishi yao pembeni, na kulikuwa na mahali pake, pamebaki kama alivyopaacha, herufi nyingi ambazo mimi sizijui, halafu katikati ya mstari zinakoma. Pale zilipokoma kulikuwa na kijistari kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinasubiri mtu aendelee. Ule mstari hakuumaliza kwa sababu aliniita mimi. Nilikaa kwenye kiti chake. Niliwaza kwamba mkono wake wa mwisho kufanya kazi duniani uko hapa, na siyo kule Bujora. Niliwaza pia kwamba mwenyewe asingekaa akiangalia kijistari. Angekuwa ameshafuta tangu asubuhi, amekasirika tunamchelewesha.

Nilitoka uani. Bwire alikuwa amekaa juu ya ndoo, Adela kwenye ngazi, na wapangaji wangu wawili wa chumba cha mbele walikuwa wamesimama kwa sababu katika nyumba ya Igogo hakuna jambo la mtu mmoja. Nikawaambia, "Ingieni mkaifute. Yote, msiniachie kitu kwa kunihurumia. Na siku wakubwa wa ukoo wakija hapa kuuliza nani aliyefuta, asijibu mtu yeyote wa nyumba hii, niiteni mimi."